Daktari Asiyepima

Scholastica alikuwa mzima wa afya siku aliyoingia zahanati ya Mzee Nelson pale Kewanja na kusema ana mafua. Alikohoa kidogo, kama alivyofundishwa. Alisema kikohozi kina siku nne, hakitoi damu, usiku halowi jasho, na nyumbani kwake hakuna mwenye kifua kikuu. Maneno hayo aliyakariri Mwanza wiki nzima, akarudi nayo Tarime akayarudia jikoni, hata binti yake Editha wa miaka saba akawa anayajua kuliko wimbo wa shule.

Ilikuwa kazi. Chuo kimoja cha Mwanza kilikuwa kinachunguza zahanati za watu binafsi, zile ambazo mtu anaingia tu kutoka barabarani, analipa, anatibiwa na kuondoka. Walitaka kujua daktari anafanya nini mgonjwa akikaa mbele yake, na mgonjwa naye anatoka na nini kichwani. Wenye zahanati walikuwa wamesaini kwamba siku yoyote atakuja mgonjwa wa kujifanya, na hawataambiwa ni nani. Mkuu wa utafiti, Dokta Eugenia, alimchagua Scholastica kwa sababu ya sura.

"Una uso wa mtu aliyechoka," alimwambia.

"Nina watoto watatu na stashahada ya maendeleo ya jamii," Scholastica akajibu. "Ulitaka niwe na uso gani?"

Kabla ya Kewanja alikuwa amepita zahanati nane, na zote nane zilimkuta na ugonjwa. Moja ilimpa minyoo. Nyingine ilimwambia damu yake ni chafu, bila kueleza uchafu wenyewe ni upi. Tarime mjini kulikuwa na daktari anayeitwa Simioni, mwenye miwani mikubwa na kalamu nne mfukoni, ambaye hakumwacha afike sentensi ya pili. Alimwandikia vipimo vitano. Majibu yalirudi na malaria, taifodi na maambukizi ya mkojo, vyote katika mwili ambao wiki iliyotangulia ulikuwa umepimwa Mwanza na kukutwa safi. Akaambiwa apande kitandani atundikiwe dripu tatu. Kanuni ya utafiti ilikuwa kwamba kutobolewa kidole ni sawa, lakini dripu hapana. Scholastica akasema ameacha mtoto kwa jirani, akatoka mbio.

Uongo haukumuudhi sana. Kilichomuudhi ni kwamba Simioni alikuwa mpole. Alimwita "mama yangu", alimuuliza watoto wanaendeleaje, na akajifanya kusikitika alipomsomea majibu. Scholastica alifika mlangoni ndipo akagundua kwamba alikuwa amemshukuru, tena kwa dhati.

Kwa hiyo Kewanja aliingia akijua anachokwenda kukuta. Daktari alikuwa kijana wa Bukoba, Anselm, mrefu, koti lake limefupika mikononi. Alimwacha amalize. Kisha akauliza, akauliza tena, akamsikiliza kifua mbele na mgongoni, akamwambia avute pumzi, aachie, avute tena. Akakunja mpira wake wa masikioni.

"Mama, una mafua. Yataisha yenyewe."

Scholastica aliona ajabu hata akasahau mstari unaofuata. "Hunipi dawa?"

"Kunywa maji ya moto, weka ndimu, pumzika ukipata nafasi. Ukishikwa na homa au pumzi ikibana, rudi siku hiyo hiyo."

"Hata kunipima?"

"Nimekupima. Ulidhani nilikuwa nasikiliza redio?"

Alipotoka nje alitafuta mahali pasipo na watu, akajaza fomu kwenye kishikwambi. Kila kisanduku kilichotakiwa kuwekwa alama kilipata alama. Ilikuwa mara ya kwanza. Alijikuta anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Wiki tatu baadaye alirudi pale kwa sehemu ya pili, safari hii na kitambulisho kifuani. Kazi ilikuwa kukaa barazani siku nane na kuwahoji wagonjwa wanapotoka. Anselm alimwona akifungua mkoba.

"Mafua yaliisha, mama?"

"Yaliisha. Maji ya moto."

"Wengine hawaamini," alisema, akaingia ndani.

Siku ya pili muuguzi wa mapokezi, Boke, alikuja kukaa naye kwenye benchi na kikombe cha uji. Boke hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Huyu kaka ataondoka," alisema. "Mzee amempa mpaka mwisho wa Juni. Asipobadilika, mkataba ndiyo basi."

"Abadilike nini? Anatibu vizuri."

"Hapimi watu. Maabara inakaa siku nzima, yule mtu wa maabara anacheza gemu kwenye simu. Vitanda vya dripu vimetandikwa tangu Januari, shuka hazijakunjamana. Na mke wake ni mja mzito, wamepanga chumba hapo nyuma ya mashine ya kusaga." Akanywa uji. "Mimi nampenda. Lakini Mzee hakujenga hapa ili watu waambiwe wakalale."

Tangu siku hiyo Scholastica alikuwa na jambo lake ndani ya kazi ya watu. Mwisho wa Juni ulikuwa umebakiza wiki sita. Matokeo ya utafiti yangetoka kabla, na kila mwenye zahanati angepewa bahasha yake yenye muhuri wa chuo. Mtu anaweza kumfukuza daktari kwa maneno ya barazani, alijiambia, lakini hawezi kumfukuza daktari ambaye chuo kimeandika ni wa kwanza.

Shida ilikuwa wagonjwa wenyewe. Walitoka wamenuna.

Mzee mmoja, Waitara, alisimama mbele yake akiegemea fimbo. Scholastica alimwamkia shikamoo, akamwita tata, yaani baba kwa Kikurya, akamuuliza kama ameridhika.

"Ameniuliza maswali kama polisi. Nakula nini, nalala saa ngapi, nanyanyua mizigo gani. Mimi nimekuja kuulizwa au kutibiwa?"

"Lakini amekwambia ni nini, tata?"

"Amesema ni mgongo. Kwani mimi sikujua ni mgongo? Si mimi niliyemwambia?"

Akafuata mwanamke mwenye mtoto mgongoni na daftari la matibabu mkononi. Alilifungua akamwonyesha ukurasa: mistari mitatu tu.

"Ona. Nimetembea tangu alfajiri. Narudi na hii? Mama mkwe ataniuliza amepimwa nini, nitasema amepimwa kwa macho?"

Scholastica alijua hatakiwi kusema neno. Alisema. "Mtoto ananyonya?"

"Ananyonya."

"Anacheza?"

"Anacheza."

"Basi kwa kuhara kwa siku moja, ile chumvi ya kuchanganya na maji aliyokupa inatosha. Ungetaka achomwe sindano ya nini?"

Mwanamke alimtazama kuanzia kitambulisho hadi viatu. "Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi andika. Sijaridhika hata kidogo."

Akaandika. Siku nane aliandika hivyo hivyo, mtu baada ya mtu, na kila jioni alituma majibu Mwanza kama yalivyo. Mara moja kidole kilining'inia juu ya kisanduku cha pili, cha walioridhika, na mgonjwa alikuwa ameshaondoka, na hakuna ambaye angejua. Hakukigusa. Alikuwa na makosa mengi, lakini hilo hakulifanya, na baadaye hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku ya mwisho alimfuata Anselm ndani, akamkuta anakula muhogo mezani.

"Daktari, kwa nini usiwape hata vitamini? Watoke na kitu mkononi."

"Leo vitamini. Kesho?"

"Mkeo anajifungua lini?"

Aliacha kutafuna. "Agosti."

"Basi wape vitamini."

Alicheka kwa pua, bila furaha. "Mama, nilikuwa kwenye zahanati nyingine kabla ya hapa. Nilianza na vitamini."

Bahasha zilifika katikati ya Juni. Dokta Eugenia aliwakusanya wasaidizi wake wa utafiti Tarime, akawaeleza mara mbili: mpe mwenye zahanati ya kwake, msomee jedwali, jibu maswali, usitaje zahanati nyingine wala daktari mwingine. Kila zahanati ilikuwa na namba tu. Scholastica alipanda pikipiki kwenda Kewanja na furaha ya mtu anayepeleka posa.

Mzee Nelson zamani alinunua mawe ya dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na ofisi yake bado ilifanana na ya mnunuzi: kabati la chuma, mzani kwenye rafu, kiti kimoja kizuri na kingine cha kukutaka uondoke mapema. Alipokea shikamoo, akavaa miwani, akasoma polepole huku kidole kikipita chini ya kila mstari.

"Mimi ni namba sita."

"Ndiyo, Mzee. Ukitazama hapa, namba sita ni ya kwanza. Mgonjwa wa kujifanya alipewa tiba sahihi. Zahanati kumi na saba, ni yako tu iliyopata yote. Huyo daktari wako, Mzee, hata hospitali kubwa wangemtaka."

"Naona." Kidole kikashuka. "Na hapa chini? Walioridhika."

"Hapo ni maoni ya wagonjwa."

"Namba sita ni ya mwisho."

"Kwa sababu hawajazoea. Daktari anayesema ukweli—"

"Mama, mimi sijakuuliza sababu. Nauliza kama nimesoma sawa."

"Umesoma sawa."

Mzee Nelson alivua miwani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya hesabu rahisi. "Mmenisaidia. Nilikuwa nasikia tu maneno ya barazani, nikasema labda wivu. Sasa nina karatasi."

Scholastica alihisi kiti kikimbana. "Mzee, umeishika juu chini. Walioandika hii wanataka kusema kinyume."

"Walioandika wanakaa Mwanza. Wanaotembea mpaka mlangoni kwangu ni hawa wa chini." Akaligeuza jedwali. "Huyu namba kumi na moja. Tiba sahihi, sifuri. Walioridhika, karibu wote. Huyu anawafanyia nini watu?"

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Namba kumi na moja aliijua, fomu zake alizijaza mwenyewe. Alikuwa na kanuni, alikuwa ameelezwa mara mbili. Lakini mdomo wake haukuwahi kungoja ruhusa, na alikuwa na hasira, na aliamini kwamba mtu akiusikia uchafu wenyewe ataona aibu.

"Nitakwambia anawafanyia nini. Mimi ndiye nilikuwa mgonjwa. Niliingia mzima kama unavyoniona, akanikuta na malaria, taifodi na UTI. Akataka kunilaza kwa dripu tatu. Ananiita mama yangu huku ananiandikia, na zile kalamu zake nne mfukoni kama mkaguzi wa shule. Huyo ndiye unayemwona bora?"

"Na ulipotoka ulijisikiaje?"

Hakutegemea swali hilo. Alisita kidogo tu, lakini mzee aliyezoea kununua mawe anajua kusoma kusita.

"Ulimshukuru," alisema Mzee Nelson.

"Nilikuwa naigiza."

"Sawa. Kalamu nne." Alikunja karatasi vizuri, akairudisha kwenye bahasha. "Nadhani namfahamu. Alimtibu shemeji yangu mwaka jana. Asante, mama. Uende salama."

Boke alipiga simu tarehe mbili Julai. Scholastica alikuwa Natta, awamu nyingine ya kazi, na kutoka huko angekwenda Robanda. Watoto alikuwa amewapeleka likizo kwa mama mkwe, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki kutoka Kewanja.

"Kaka ameondoka jana," Boke alisema. "Wamepakia godoro na jiko juu ya basi, mke kakaa mbele ameshika tumbo. Wanarudi Bukoba."

"Na nani amekuja?"

"Simioni wa Tarime. Mzee alimfuata mwenyewe. Vitanda vimejaa, dada. Mpaka wengine wanakaa kwenye benchi lako na dripu imening'inizwa kwenye msumari."

"Mzee alisema alimpataje?"

"Amesema utafiti."

Kwa siku kumi Scholastica alihoji wagonjwa wa Natta na Robanda kwa sauti ya kawaida. Alikula, alilala. Jioni moja alimwandikia Dokta Eugenia ujumbe mrefu akieleza alichosema ofisini kwa Mzee Nelson, akaufuta, akaandika mfupi, akaufuta nao. Mkataba wake ulikuwa unaisha Septemba, na ada za muhula wa pili zilikuwa bado. Ndivyo alivyojua kwamba yeye na wengine wote wana bei, tena hata haikuwa kubwa.

Alikwenda kuwachukua watoto Jumamosi, saa nane mchana. Wavulana walikuwa mtoni na mbuzi. Editha alikuwa uani anaruka kamba kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa plasta nyeupe, na katikati ya plasta kilitokeza kifuniko cha waridi cha kanula, ile sindano ya kupitishia dripu.

"Mama, nimelazwa," Editha alisema kwa fahari. "Nilipewa soda."

Mama mkwe, Bibi Teresia, alitoka jikoni akifuta mikono. Scholastica alipiga goti kidogo, akaamkia, akauliza habari za mzee, za ng'ombe, za mahindi. Hakuna njia ya mkato kwa mama mkwe wa Kikurya. Ndipo akauliza mkono una nini.

"Jana aliamka anapiga chafya. Nikasema siwezi kukaa na mtoto wa watu anaumwa. Nikampeleka kwa Nelson. Eh, wamempima, mwanangu. Wamempima vyote. Malaria ipo, taifodi ipo. Fikiria, na alikuwa anacheza hivi hivi. Ugonjwa umejificha ndani." Akampa daftari. Ukurasa ulikuwa umejaa hadi pembeni. "Leo saa kumi tunarudi kwa dripu ya pili, ndiyo maana hawakuitoa sindano."

Scholastica aliusoma ule mwandiko mara mbili. Akaomba aende kupiga simu, akasimama nyuma ya ghala la mahindi. Anselm, ambaye namba yake alipewa na Boke, alipokea mara ya tatu. Nyuma yake palisikika kuku na mtu anapiga msumari.

Alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Ana homa sasa?" aliuliza Anselm.

"Hana."

"Anakula?"

"Anaruka kamba."

"Mimi sijamwona mtoto, siwezi kusema hana kitu. Mpeleke kituo cha afya cha serikali. Wampime malaria upya, watoe kanula. Usiitoe wewe. Na zile dawa usimpe wala usizitupe, nenda nazo. Mkono umevimba?"

"Kidogo."

"Basi nenda sasa hivi."

"Daktari," alisema Scholastica, "yule Mzee alimjua Simioni kwa mdomo wangu. Nilitaka kukutetea."

Ule msumari uligongwa mara nne, tano.

"Niliambiwa," Anselm alisema. "Mzee aliniwekea karatasi yako mezani. Alisema, ona, wewe ni wa kwanza, hongera, nenda ukawe wa kwanza mahali pengine." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Mpeleke mtoto, mama. Foleni ya Jumamosi ni ndefu."

Akakata.

Aliporudi uani alikuta jirani mmoja amekuja kuazima sufuria, na Bibi Teresia anamhadithia majibu ya vipimo. Scholastica alimshika Editha mkono mzima, akachukua daftari na mfuko wa dawa.

"Mama, naomba nimpeleke kituo cha serikali, wamwangalie tena."

"Serikali? Wakakukalishe mpaka jioni halafu waseme hakuna dawa?" Bibi Teresia hakuelewa, na alikuwa na haki ya kutoelewa, alikuwa amembeba mjukuu, amelipia kwa hela ya kuku wake. "Kwa Nelson sasa kuna daktari, mwanangu. Yule wa zamani alikuwa anatazama watu tu. Huyu tumeletewa na Mungu."

"Hapana, mama. Nilimleta mimi."

"Wewe?"

"Katika ile kazi ya Mwanza. Tulichunguza madaktari wote. Mimi ndiye nilimweleza Nelson habari za huyu."

Alikuwa anataka kuendelea. Alikuwa na maneno yamepangwa: uongo, maabara, mtoto mzima kachomwa bure. Lakini mama mkwe alikuwa ameshamgeukia jirani, uso umefunguka kama mtu aliyepokea mgeni kutoka mbali.

"Umesikia? Ni mke wa mwanangu. Wamechunguza madaktari wote, akatuchagulia huyu." Akamshika Scholastica mikono yote miwili pamoja na daftari. "Asante, mwanangu. Na shule tulikuwa tunasema imekupotezea muda."

Jirani naye akashukuru. Alisema mama yake alitundikiwa dripu mbili Jumatano, anaendelea vizuri.

Scholastica alisema aitiwe pikipiki. Alipanda nyuma, akampakata Editha mbele yake, ule mkono wa plasta ameuinua juu usiguswe na kitu.

"Kewanja, kwa Nelson?" dereva aliuliza.

"Serikali," alisema. "Na uende polepole, mtoto ana sindano."